Siti binti Saad: Sauti iliyohifadhi kumbukumbu za Ng'ambo ya Unguja

MGENI anayesimama leo katika soko la Darajani mjini Zanzibar hujiuliza daraja lenyewe liko wapi. Halipo. Mahali panapopita magari na kuketi wachuuzi palikuwa na hori la bahari lililoingia hadi ndani ya nchi kavu. Maji yalipojaa, Mji Mkongwe ulikaribia kuzungukwa na bahari kila upande.

Waliokaa upande wa pili wa maji hayo walijulikana kuwa watu wa Ng'ambo, na jina hilo halikuwa la jiografia pekee. Upande wa magharibi kulikuwa na kasri la Sultani, afisi za mabalozi wa kigeni na majumba ya mawe ya matajiri. Ng'ambo kulikuwa na nyumba za udongo zilizoezekwa makuti. Humo waliishi wachukuzi wa bandarini, wavuvi, mafundi, wachuuzi na maelfu ya watu waliotoka utumwani pamoja na watoto wao.

Hata hivyo, jua lilipotua, mambo yaligeuka. Ng'ambo ndiko kulikokuwa na ngoma za wanawake, beni zilizopita njiani kwa mashindano, harusi zilizokesha na mabaraza ambayo hayakuishiwa na habari. Mkwasi na maskini walivuka daraja wakifuata raha upande ule ule.

Sehemu kubwa ya mitaa hiyo haiko tena. Nyumba zilibomolewa, hori likafukiwa, na waliozijua nyimbo za enzi hiyo wakafariki mmoja baada ya mwingine. Ikiwa bado tunaweza kusikia Ng'ambo ya miaka ya 1920 ilivyocheka, ilivyoteta na ilivyoomboleza, sababu kubwa ni sauti ya mwanamke mmoja ambaye hakuwahi kwenda shule. Mwanamke huyo ni Siti binti Saad.

Jina alilozaliwa nalo

Siti alizaliwa yapata mwaka wa 1880 katika kijiji cha Fumba, kusini magharibi mwa kisiwa cha Unguja. Baba yake, Saad, alikuwa na asili ya Unyamwezi, ilhali asili ya mama yake ilikuwa Uzigua. Mtoto alipewa jina la Mtumwa.

Leo jina hilo hushtua. Wakati ule lilieleza tu hali ya mambo ilivyokuwa. Biashara ya kuuza watu katika soko la Zanzibar ilipigwa marufuku mwaka wa 1873, lakini utumwa wenyewe uliendelea kutambuliwa na sheria hadi mwaka wa 1897. Binti wa Saad alikuwa na umri wa takriban miaka 17 sheria hiyo ilipobadilishwa.

Familia yake ilikuwa fukara. Mamake alikuwa mfinyanzi, na binti akajifunza kazi hiyo ya kukanda udongo, kufinyanga vyungu, kuvianika na kuvichoma. Baadaye alivitia kichwani na kuvitembeza akivinadi kutoka mlango hadi mlango.

Inasimuliwa kwamba alikuwa akiimba huku akitembea na mzigo wake, na kwamba sauti yake ilifika nyumbani kwa mteja kabla ya vyungu. Wanunuzi walimtambua kwa sauti hiyo. Kwa maneno mengine, soko lake la kwanza na jukwaa lake la kwanza vilikuwa kitu kimoja.

Mwaka wa 1911 aliondoka Fumba na kuhamia mjini. Alikuwa amevuka umri wa miaka 30, hana elimu, hana mali, wala hakuwa na ukoo wa kumtambulisha mbele ya watu wakubwa. Kama wengi waliotoka mashambani wakati huo, maisha yake ya mjini yalikuwa ya Ng'ambo.

Taarabu yashuka kutoka kasri

Ili kuelewa jambo alilolifanya Siti, ni sharti kukumbuka taarabu ilikuwa nini kabla yake. Muziki huo uliingia Zanzibar kupitia kasri la Sultani Barghash bin Said, aliyetawala kuanzia mwaka wa 1870 hadi 1888. Sultani huyo alipenda muziki wa Misri, na inaelezwa kwamba alimtuma Mohamed bin Ibrahim kwenda Cairo kujifunza upigaji wa ala na uimbaji.

Mwaka wa 1905 kiliundwa kikundi cha Ikhwani Safaa, ambacho kipo hadi leo. Nyimbo za wakati huo zilikuwa za Kiarabu, waimbaji walikuwa wanaume, na wasikilizaji walikuwa watu wa daraja la juu. Mchukuzi wa Ng'ambo angeweza kusikia udi kwa mbali, lakini maneno yaliyoimbwa hayakumhusu.

Siti alikutana na mwanamuziki Ali Muhsin, ambaye alitambua kipaji chake na kumfundisha kuimba kwa kufuata ala. Alijifunza pia matamshi ya Kiarabu na kusoma Kurani kwa sauti. Baadaye alijiunga na wanamuziki wengine, miongoni mwao Subeti bin Ambar, Maalim Shaaban na Mbaruk, wakaunda kundi lililokuja kuvuma kote pwani.

Ni wakati huo alipoanza kuitwa Siti, neno lenye asili ya Kiarabu linalomaanisha bibi mwenye heshima. Aliyezaliwa akiitwa Mtumwa akawa anaitwa bibi na watu ambao, kizazi kimoja nyuma, wangeweza kummiliki.

Si wote waliofurahia jambo hilo. Mahasidi walimtungia nyimbo za kumkejeli, wakimsema kwa sura yake na kwa ukoo wake duni. Siti hakuwajibu kwa matusi. Alijibu kwa wimbo uliobainisha kuwa sura si hoja, na kwamba mtu hupimwa kwa kile anachoweza kukifanya. Waliokuja kumcheka waliondoka wakiuimba wimbo wake.

Alialikwa katika harusi za matajiri na hata katika kasri la Sultani. Lakini mwaliko wa kasri haukumhamisha. Nyumba yake ya Ng'ambo iliendelea kuwa mahali pa kukutania. Usiku kundi lake lilikusanyika humo, likapiga, likatunga na kurekebisha nyimbo mbele ya majirani waliokuja kusikiliza.

Jambo kubwa zaidi ni lugha. Siti aliimba kwa Kiswahili, lugha ya sokoni, bandarini na jikoni. Aliweza kuimba kwa Kiarabu na Kihindi pia, lakini ni nyimbo za Kiswahili zilizoigeuza taarabu kuwa mali ya umma. Muziki ulioletwa kumburudisha mfalme ukawa muziki ambao mfinyanzi angeweza kuutumia kueleza yaliyomsibu jirani yake.

Gazeti la wasiojua kusoma

Nyimbo hizo hazikuwa za mapenzi pekee. Wengi wa wakazi wa Ng'ambo hawakujua kusoma, na wachache waliojua hawakuona habari zao katika magazeti ya serikali. Habari za mtaa zilipita barazani, katika ngoma na katika taarabu.

Wimbo unaojulikana zaidi ni Kijiti. Unahusu mauaji ya mwanamke aliyetoka Dar es Salaam kutembelea Unguja. Alialikwa katika tafrija, na mwanamume aliyeitwa Kijiti akamuua. Kijiti alitorokea Tanganyika na kukwepa mkono wa sheria, ilhali wanawake wawili waliokuwa katika tafrija hiyo ndio walioishia gerezani.

Wakazi wa Ng'ambo waliona kwamba haki haikutendeka. Hawakuwa na wakili wala gazeti la kuwatetea, lakini walikuwa na Siti. Wimbo huo ulimtaja mhalifu kwa jina na kuwaeleza wasikilizaji kilichotokea. Karibu karne moja imepita, na hukumu ya Ng'ambo ndiyo inayokumbukwa kuliko hukumu ya mahakama.

Nyimbo nyingine zilisimulia habari za watu wenye vyeo waliotiwa jela kwa kula mali isiyo yao, wanaume waliowapiga wake zao, na mahakama zilizowatazama matajiri kwa jicho moja na maskini kwa jicho jingine. Wasikilizaji walimjua kila aliyetajwa, na hata aliyefichwa nyuma ya mafumbo.

Ikumbukwe kwamba hiki kilikuwa kipindi cha mvutano. Wakazi wengi wa Ng'ambo walijenga vibanda vyao katika ardhi ya watu wengine na kulipia kodi ya kiwanja. Kodi hizo zilipopanda katika miaka ya 1920, walianza kuzikataa, na mwaka wa 1928 mgomo ulipamba moto. Nyimbo za Siti zilitoka katika mitaa hiyo hiyo, miongoni mwa watu hao hao.

Safari ya Bombay

Mwaka huo huo wa 1928, tukio jingine lilibadilisha historia ya muziki wa Afrika Mashariki. Mnamo Machi, kampuni ya kurekodi muziki iliyojulikana kwa chapa ya His Master's Voice ilimpeleka Siti na wenzake mjini Bombay, nchini India, kurekodi nyimbo zao. Siti anatambuliwa kuwa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki kurekodi santuri.

Kazi hiyo haikuwa rahisi kwa watu waliozoea kuimba usiku kucha. Upande mmoja wa santuri za wakati huo, zilizozunguka mara 78 kwa dakika, ulibeba muda wa takriban dakika tatu tu. Wimbo ambao Ng'ambo ulirefushwa kwa beti mpya kila hadhira ilipotaka, sasa ulilazimika kukatwa ili utoshee katika duara moja.

Kwa hiyo tunachokisikia leo si usiku mzima wa Ng'ambo. Ni kipande tu. Vicheko vya wasikilizaji havimo, wala beti zilizotungwa papo hapo kumsuta aliyeingia mlangoni. Lakini bila kipande hicho, kimya kingekuwa kimetanda kabisa.

Santuri hizo zilipata soko kubwa kuliko ilivyotarajiwa. Mafanikio yake yalizivutia kampuni nyingine, na kufikia mwaka wa 1930 makampuni yaliyoshindana yalikuwa yakirekodi wanamuziki wa pwani hapa hapa Afrika Mashariki, Mombasa ikiwa miongoni mwa vituo vyao. Gramafoni zilipigwa mikahawani na majumbani, na sauti ya Siti ikafika bara, mbali na mwambao.

Watu waliokuwa hawajawahi kuona bahari walimsikia mwanamke akiimba kwa lugha waliyoielewa, akisimulia maisha ya watu wanaofanana nao. Hilo lilikuwa tukio jipya katika eneo hili. Aidha, liliongeza heshima ya Kiswahili kabla ya redio kuenea.

Kalamu ya Shaaban Robert

Siti aliendelea kuimba katika miaka iliyofuata, lakini uzee na maradhi vilimfikia. Miezi michache kabla ya kifo chake, alitembelewa na mwandishi Shaaban Robert. Mwandishi huyo, aliyezaliwa mwaka wa 1909 na kufariki mwaka wa 1962, alimhoji kuhusu maisha yake na kuandika alichosikia.

Siti binti Saad alifariki Julai 8, 1950, akiwa na umri wa takriban miaka 70. Kitabu cha Wasifu wa Siti binti Saad kilichapishwa mara ya kwanza mwaka wa 1958. Ni miongoni mwa wasifu wa mwanzo kabisa ulioandikwa kwa Kiswahili na Mwafrika kuhusu mwanamke Mwafrika.

Laiti mwandishi huyo angechelewa mwaka mmoja, sehemu kubwa ya tunayoyajua kuhusu Fumba, vyungu, mafunzo na kejeli za mahasidi ingezikwa pamoja na mwenyewe. Santuri zilihifadhi sauti, lakini hazikueleza ni nani aliyekuwa akiimba, wala alitoka wapi.

Mitaa yaondoka, nyimbo zabaki

Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, sura ya Ng'ambo ilianza kubadilika haraka. Serikali ya Rais Abeid Amani Karume iliazimia kuwapa wananchi makao bora. Kwa msaada wa Ujerumani Mashariki, nyumba za ghorofa zilianza kujengwa Kikwajuni, kisha, katika miaka ya 1970, yakajengwa majengo marefu ya Michenzani, ambayo wenyeji waliyafananisha na treni.

Nia ya mradi huo ilieleweka. Familia zilizokuwa zikichota maji nje zilipata mifereji na umeme ndani ya nyumba. Lakini ili majengo hayo yasimame, nyumba nyingi za zamani zilibomolewa, na pamoja nazo zikatoweka nyua za ngoma na mabaraza yaliyokuwa kumbi za taarabu.

Upande wa pili wa barabara, Mji Mkongwe ulipata bahati tofauti. Mwaka wa 2000 uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya shirika la UNESCO. Majumba ya masultani na wafanyabiashara yakawa mali ya dunia nzima. Ng'ambo, ambako ndiko wengi waliishi na kustarehe, hakukuwa na majumba ya mawe ya kuorodheshwa.

Ni katika karne hii tu ambapo wataalamu wa mipango ya miji wa Zanzibar, wakishirikiana na wenzao wa Uholanzi, walianza kuichunguza Ng'ambo kama eneo lenye historia yake, wakiwauliza wakazi ni mahali gani wanapopathamini na kwa nini.

Hata mawe, hata hivyo, si ya kutegemewa daima. Desemba 25, 2020, sehemu ya jumba la Beit al-Ajaib, lililojengwa na Sultani Barghash mwaka wa 1883 mkabala na bahari ya Forodhani, iliporomoka na kuua watu. Jumba hilo lilikuwa fahari ya Mji Mkongwe. Nako Fumba, kijiji alikozaliwa mfinyanzi, mji mpya wa kisasa umekuwa ukijengwa katika miaka ya karibuni.

Katikati ya mabadiliko hayo yote, sauti ya Siti imeendelea kupita mkono kwa mkono. Fatuma binti Baraka, aliyejulikana kama Bi Kidude, alijifunza nyimbo za Siti na kuziimba mbele ya hadhira za mabara mbalimbali hadi alipofariki Aprili 17, 2013. Mwaka wa 2020 Siti Muharam, kitukuu cha Siti, alitoa albamu ya nyimbo za bibi yake zilizopigwa upya.

Aidha, chama cha wanahabari wanawake wa Tanzania, TAMWA, kilichoanzishwa mwaka wa 1987, kililipa jarida lake jina la Sauti ya Siti. Jina hilo liliafiki. Mwanamke aliyetangaza dhuluma kwa wimbo amekuwa kielelezo cha wale wanaoitangaza kwa kalamu.

Si hadithi ya pwani pekee

Maisha ya Siti yanaonyesha kwamba kumbukumbu za watu wa kawaida hazijihifadhi zenyewe. Majengo ya watawala hupata walinzi na wafadhili. Raha za maskini, yaani ngoma zao, mizaha yao na nyimbo zao za kusutana, hubaki tu iwapo mtu atachukua hatua ya kuzinasa wakati wenye nazo wangali hai.

Ukweli huo hauna mipaka ya bahari. Katika Kaunti ya Embu, kwenye nyanda kavu za Mbeere, Gachoka lilikuwa jina la eneobunge hadi mwaka wa 2013, lilipoanza kuitwa Mbeere Kusini. Kijana wa huko anayepiga kura leo hakuwahi kuliona jina hilo katika karatasi ya kura. Ikiwa jina la juzi laweza kufifia hivyo, sembuse nyimbo za mababu?

Bahati nzuri ni kwamba eneo hilo nalo lilipata mtu wa kusikiliza. Mwanahistoria Kabeca Mwaniki alikusanya masimulizi ya wazee wa Embu na Mbeere na kuyachapisha katika miaka ya 1970. Waliohojiwa wakati huo walikuwa watu wazima, na waliyoyasema yasingeweza kukusanywa tena leo.

Tofauti na enzi ya Siti, haihitajiki tena safari ya meli hadi Bombay ili kuhifadhi sauti. Simu iliyo mfukoni mwa mjukuu inaweza kunasa usiku mzima, si dakika tatu. Kinachokosekana mara nyingi ni mjukuu kuketi chini na kuuliza.

Shaaban Robert aliketi na kuuliza, na alifika ikiwa imebaki miezi michache. Ndiyo maana binti aliyeitwa Mtumwa anajulikana leo kwa jina la Siti, na ndiyo maana Ng'ambo, ambayo haina tena hori wala daraja, bado inasikika.